Bendera ya Darajani
Sehemu ya saba

Haya, bendera ilikuwa juu, na pikipiki imesimama.

Mlimwacha Meng Suqiong pale pale, msiniambie mmesahau. Na kwa yule aliyekosa gazeti la wiki iliyopita namweka sawa upesi upesi, maana kuna mgonjwa anangoja. Huyu mama anauza wali wa kunata, ule wa kufungwa kwenye majani, pale lango la soko. Siku hiyo alikuwa amempakia mumewe, Lu Tingguang, kwenye pikipiki yake ya umeme, anamvusha mto Yong kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo za Tingguang zilishakufa, zote mbili. Trafiki akawadaka mwanzo wa daraja, kwa sababu pale mjini Nanning pikipiki ya umeme ruksa kubeba mtoto tu. Mtu mzima hapana, awe na afya au awe anakufa.

Na adhabu yao mnaijua. Unavalishwa reflekta, unapewa kibendera chekundu, unasimama barabarani mpaka na wewe umkamate mwenye kosa mwingine. Ukimpata unamvisha yeye reflekta, wewe unakwenda zako. Usipompata, utaota mizizi hapo.

Basi akatokea mtu anakuja mbio, upande usio wake, kichwa wazi, nywele zinapepea. Makosa mawili kwa mpigo. Suqiong akainua bendera huku moyo unamruka kwa furaha. Mtu akafunga breki, akashusha barakoa.

Alikuwa sista Yanzhen, nesi wa mashine. Yule yule anayemchoma Tingguang, anayeujua ule mshipa wa mkono wa kushoto uliotunishwa na madaktari chini ya ngozi kama kamba ya ng'ombe.

Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

"Dada Suqiong," sista akasema polepole, "ukinishika mimi, mumeo nani atamchoma?"

Ndiyo hapo. Akimkamata sista, yeye na mume wanavuka, wanafika, wanakuta mashine ipo na wa kuiendesha hayupo, kabaki darajani na bendera. Akimwachia, sista atafika, mashine itakuwa tayari, na mgonjwa ndiye hayupo. Ukiziba huku panavuja kule.

Sista mwenyewe akaeleza kwa haraka. Mwenzake amejifungua, mstari mzima wa wagonjwa uko juu yake, na alipita upande mbovu kwa sababu upande mzuri umezibwa na magari. Akasema mashine ya Tingguang ataishikilia mpaka saa nane na nusu. Ikipita hapo siyo uwezo wake tena, hospitali wanampigia mtu mwingine anayesubiri nafasi, na wanaosubiri ni wengi.

"Na wewe sista vaa kofia," Tingguang akasema kutoka pale alipokaa, kwenye ukingo wa barabara. "Ukivunjika kichwa sisi tutasafishwa na nani?"

"Kofia niliisahau kazini jana, mzee Lu."

Suqiong akashusha bendera. "Pita," akasema. "Pita kabla hajageuka."

Aliyekuwa hajageuka ni afande Qin, kijana wa trafiki, kichwa kimeinama kwenye simu, anabembeleza gari la wagonjwa lije. Alipogeuka akaona mgongo wa sista unapotea. Akauliza yule mbona kaachwa. Suqiong akamjibu kwamba alikuwa anaulizia njia.

Afande akamtazama. Akatazama na daraja, lililonyooka mbele yao kama rula. 

Msimchukie huyu kijana. Tangu mwanzo alitaka kuwaachia, lakini kifuani ana kamera inayoona kila kitu, na juma lililopita alimwachia mama mmoja aliyelia, akaitwa ofisini akaoneshwa picha yake mwenyewe akiwa na huruma. Pikipiki ya kazi hana, alishushwa pale asubuhi na gari la wakubwa. Gari la wagonjwa wamemwambia liko njiani, na njiani ni kwenye foleni ile ile mnayoiona, magari yameshikana kama shanga toka ng'ambo mpaka ng'ambo. Teksi ni hivyo hivyo, na basi ni hivyo hivyo. Kitu kinachotembea saa zile ni magurudumu mawili tu, kwenye kile kinjia cha pembeni.

Suqiong alishamwambia yote hayo. Alishamwambia mwangalie huyu mwanaume, mifupa na suruali, uzito wake ni wa mtoto wa shule. Afande akasema sheria haipimi uzito, inapima umri.

"Basi mhesabu mtoto," Suqiong akasema. "Namlisha mimi, namkogesha mimi, namvalisha viatu mimi. Alichobakiza cha ukubwa ni madeni na kukoroma."

Tingguang akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye maji kifuani.

Afande hakucheka. "Shangazi, mwezi jana hapa hapa unaposimama niliokota kiatu cha mtoto," akasema. "Kimoja. Aliyemgonga alikuwa kwenye pikipiki nzito kama yako, amekata waya wa kuzuia mwendo, anawahisha chakula cha mtu. Sasa unataka nimwambieje mama wa yule mtoto, kwamba wewe ni mzuri kwa hiyo nimefumba macho?"

Suqiong akatazama pale alipokanyaga, akasogeza miguu pembeni.  

Akageukia barabara. Akamate mtu, amalize.

Sasa sikieni mkosi unavyojua nyumba ya mtu. Barabara ilikuwa imejaa pikipiki, zinakuja kama nyuki, na hakuna hata moja ya kukamata. Kila anayefika karibu na bendera anashuka. Asiye na kofia anashuka, aliyempakia mkewe anashuka na mkewe anashuka, aliyebeba godoro anashuka. Wanasukuma mpaka wapite bendera, wakishapita wanapanda tena. Na anayesukuma si dereva, ni mtembea kwa miguu, afande hana lake kwake.

Wengine wanapita na salamu kabisa. Baba mmoja na gunia la muwa akamwambia, "Pole mama, kazi mpya hiyo? Rangi imekupendeza."

Suqiong akawa haelewi hawa watu wamejuaje toka mbali. Halafu simu ikamtetema kiunoni. Ikatetema tena. Akaitoa akasoma.

*Bendera ipo mwanzo wa daraja upande wa soko. Shukeni msukume. Tangazeni.*

Lilikuwa grupu lao, Macho ya Barabara. Na aliyelianzisha ni nani kama si yeye? Miaka miwili nyuma rafiki yake Caixia, muuza bata, alikamatwa mara mbili juma moja, Suqiong akasema hapana, hatuwezi kuliwa hivi kama karanga. Akaanza na wamama wa sokoni, wakaingia wapeleka chakula, wakaingia mafundi, mpaka watu asiowajua. Trafiki akisimama popote mjini, kabla hajakohoa habari imefika. Yeye ndiye aliyewafundisha kushuka na kusukuma. Aliwaandikia kwa herufi kubwa.

Sasa wote wanamtii.

Saa nane imeshagonga. Tingguang alikuwa ameegemea gurudumu la pikipiki yao, miguu imejaa maji, viatu havifungi. Alikuwa hajasafishwa tangu juzi, na aliyewahi kuuguza mtu wa mashine anajua, ile siku ya zamu wanakuwa kama debe lililojaa pomoni, ukilitikisa linamwagika.

"Twende nyumbani," akamwambia mkewe. "Tutakuja kesho."

"Kesho ni zamu ya wengine."

"Basi twende tu nyumbani."

Suqiong akamgeuzia mgongo, maana sauti ile hakuipenda. Akaandika kwenye grupu. Akaandika kwamba mwenye bendera ni yeye. Kwamba mzee amezidiwa, kwamba hawezi kuondoka mpaka apatikane wa kukamatwa, na wao wote wanasukuma. Mtu mmoja aje bila kofia, akubali kushikwa. Mmoja tu.

Wakasoma. Akaona wamesoma. Hakuna aliyejibu.

Suqiong akaona haya kama aliyevuliwa nguo hadharani.

Halafu kinjia cha pembeni kikatoa honi ya pikipiki anayoijua. Caixia wa bata huyo, anakuja katikati ya njia, kofia kainingʼiniza kwenye usukani, kichwa kiko wazi. Akasimama mbele ya bendera kabla hata haijainuliwa.

"Afande," akasema, "mimi ni mkosaji sugu. Nishike."

Afande Qin akamtazama yeye, akamtazama Suqiong, akaelewa yote. Akafunika kamera kwa kiganja kama anayejikuna. "Pokezaneni haraka," akasema. "Shangazi, vua hiyo reflekta, mpandishe mzee, nendeni."

Mnaona? Ilishaisha. Tingguang alishainuka, mguu mmoja uko hewani anataka kukaa. Suqiong yuko kwenye kufungua kamba ya reflekta, imejikaza, anaivuta kwa meno.

Ndipo wakaja wengine.

Wote walikuwa wamesoma ule ujumbe, na kila mmoja alijisemea moyoni kwamba wenzangu hawatakwenda, watu wa siku hizi wana roho ngumu, ngoja niende mimi. Akaja mke wa fundi cherehani, kichwa wazi. Akaja muuza tofu, ile jibini ya soya. Wakaja dada wawili wa duka la chumvi wamepakizana, makusudi. Wakaja wapeleka chakula na sare zao za manjano. Kinjia kikaziba. Huyu anasema nikamate mimi, nina presha kidogo lakini nitasimama, yule anasema mimi sina mtoto wa kuchukua shule, nibaki mimi. Wanagombea kushikwa. Upendo ulikuwa mwingi pale mpaka hapakuwa na pa kupita.

Na gari la wakubwa likatokea kwa nyuma, lori la kubebea vyuma, yaani pikipiki zilizokamatwa, likilifuata.

Mkuu wa afande Qin akashuka. Alichokiona yeye ni kundi la watu vichwa wazi, simu mkononi, wameziba daraja. Kwa juma zima mjini palikuwa na manung'uniko juu ya vibao vya njano, maana pikipiki zote nzito za zamani zilikuwa zimepewa kibao cha njano cha muda, na muda wake ulikwisha mwisho wa mwezi uliopita. Zinatakiwa zile mpya, nyepesi, zenye kibao cheupe na kiti kifupi kama kiganja, kisichotosha mtu wa pili wala tenga la bata. Mkuu akadhani hawa wamekuja kugoma.

Hakufoka. Alisema tu kila kibao kikaguliwe, na kila cha njano kipande kwenye lori.

Afande Qin alijaribu kumweleza kuwa hawa siyo wagomaji, ni wakosaji wa kujitolea. Mjaribuni wenyewe kumweleza mkubwa wenu kitu kama hicho.

Hakuna mtu wa sokoni mwenye kibao cheupe. Ilipanda pikipiki ya tofu. Ikapanda ya mke wa fundi. Ikapanda ya Caixia na matenga yake matupu yamefungwa nyuma. Watu waliokuja kumtoa mwenzao shimoni wakabaki wamesimama barabarani na kofia zao mkononi.

Caixia akamgeukia Suqiong. "Sikulaumu," akasema. "Ila kesho bata zangu zitakuja sokoni kwa miguu, na mimi pia." Kisha akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, na wengi wao hawakuaga.

Ya mwisho ilikuwa ya Suqiong. Vijana wawili wakaishika mbele na nyuma, ile yenye kiti kirefu alichokijazia pamba ili mifupa ya mumewe isiumie. Akaishika na yeye. Akawaambia chukueni kesho, nitawaletea mwenyewe, nitaisukuma mpaka mlangoni kwenu. Wakamtoa vidole kimoja kimoja, kwa adabu kabisa, wakimwita mama.

Basi Tingguang, aliyekuwa hana nguvu ya kufunga kiatu, akatembea. Akatembea hatua za kitoto mpaka nyuma ya lori, akakaa pale kwenye ubao wa kupandishia vyuma.

"Hiyo ndiyo miguu yangu," akasema. "Kama mnaikamata, nikamateni na kiwiliwili."

Afande Qin akamnong'oneza mkuu wake kwamba huyu ni mtu wa mashine, na yadi ya kuhifadhi vyuma iko ng'ambo, lori linapita mbele ya geti la hospitali. Mkuu akakuna shingo. Ana mama yake mzazi, naye ni mtu. Akasema haya, mbele hakuna nafasi, apande nyuma, ajishikilie, ashushwe getini. Mke hapana. Mmoja anatosha.

"Mkuu," afande akasema kwa upole, "kubeba mtu kwenye lori la mizigo nalo ni kosa."

"Qin, nyamaza."

Wakampandisha. Akaenda kukaa juu ya pikipiki yao wenyewe, iliyolazwa katikati ya nyingine, akamnyooshea mkewe mkono kama mtu aliye kwenye treni. Lori likanguruma, likapanda daraja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Suqiong akavuta pumzi mpaka chini.

Lori likafika katikati ya daraja. Likasimama.

Alidhani litaondoka. Akahesabu moyoni, akahesabu tena. Mbele ya lori kuna basi, mbele ya basi kuna gari la saruji, mbele ya gari la saruji kuna mji mzima. Na kando yake, kwenye kinjia, pikipiki chache zenye vibao vyeupe zinapita zikiteleza kama samaki.

Suqiong akakimbia. Reflekta bado iko mwilini, bendera bado iko mkononi, hakujua kama anazo. Alikimbia juu ya daraja kama anavyokimbia mtu asiyewahi kukimbia tangu ujana, viatu vinapiga lami, na alipofika kwenye lori mumewe alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani wa pikipiki yao.

"Tingguang."

Akafumbua jicho moja. "Wewe," akasema, "unakimbia na joto lote hili."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mkono alipoushika ulikuwa na baridi, na vidole vilikuwa vinarukaruka vyenyewe. Damu ikijaa uchafu moyo unaanza kukosea hatua, daktari aliwahi kumwambia, na ukikosea sana unasahau kabisa.

Simu ikalia. Sista Yanzhen huyo, sauti ya chini, mashine zinalia nyuma yake. Akasema dada, muda umekwisha, wamenipita. Wameshampigia mwingine anayengoja, anatokea upande huo huo wenu, yuko njiani. Suqiong akaanza kulia, sista akamkatiza.

"Nisikilize. Mashine haina jina. Mimi namfunga atakayefika kwanza. Mlete kwa chochote, hata kwa toroli."

Kwa chochote.

Suqiong akafuta macho kwa kiwiko, na hapo ndipo akaiona rangi inayong'aa kifuani pake. Reflekta. Akatazama kiganja chake, akaiona bendera.

Mtu huyu kuiba hakuwahi kuiba hata sindano. Lakini alitoka pale kwenye lori, akaingia katikati ya kinjia, akasimama miguu imepanuka kama alivyomwona afande akisimama, akainua bendera juu.

Pikipiki ya kwanza ikasimama. Kibao cheupe, kofia imefungwa vizuri chini ya kidevu, mwendo wa adabu. Msichana mwembamba, peke yake. Hana kosa hata moja.

"Zima," Suqiong akasema. "Shuka. Lete ufunguo."

Msichana akazima, akashuka, akatoa ufunguo. Watu wale wakiona reflekta hawaulizi. Kwenye lori, nyuma ya mgongo wa Suqiong, Tingguang alikuwa ameelewa, ameshaanza kushuka, mguu mmoja unatafuta chini.

Suqiong akaufunga ufunguo kwenye ngumi. Hakumtazama msichana usoni, alijua akimtazama atashindwa.

"Afande," msichana akasema, anahema kama aliyepanda mlima, "pikipiki ichukue tu kesho, nitaileta mwenyewe mpaka ofisini. Leo nakuomba nivuke. Hospitali wamenipigia sasa hivi, kuna mgonjwa hakutokea, wamenipa mashine yake."

Na akapandisha mkono wa kushoto wa shati ili aaminiwe, mshipa umetuna chini ya ngozi kama kamba ya ng'ombe.